Goti Nililopiga Uchina

Watu wa Lizaboni, hapa Songea, wa umri wangu wakinikumbuka, wananikumbuka kwa mdomo. Sikatai. Nilikuwa mteuzi wa tumbaku kwenye chama cha ushirika, mwanamke peke yangu kati ya wanaume, na kazi ya mteuzi ni kushika jani, kulinusa, kulitazama kwenye mwanga, halafu kumwambia mkulima usoni tumbaku yake ni ya daraja gani. Ukiwa mpole kwenye kazi ile watakuvuruga kabla ya saa nne asubuhi. Nikazoea kuamua haraka na kuamua kwa sauti. Jioni nikitoka ghalani sikuwa na pa kuuacha ule mdomo, narudi nao nyumbani.

Naeleza hivyo mapema ili mtu asije akadhani siku ile nilidanganywa. Hakuna aliyenidanganya. Kaka yangu mkubwa alinikuta ghalani mchana kweupe, zimebaki siku nne nipande basi la Dar es Salaam na kutoka huko ndege ya kwenda Uchina. Alikuja na karatasi mbili zilizopigwa chapa, muhtasari wa kikao cha ukoo. Kikao chenyewe sikwenda, nilikuwa nahangaikia pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo. Karatasi ilisema watoto wote wa marehemu wamekubali nyumba ya baba ya Lizaboni iuzwe, na mama yao ahamie mtaa wa Bombambili kwa mwanawe mkubwa. Baba mdogo alikuwa ameshasaini. Kaka ameshasaini. Mdogo wetu aliyeko Mbinga ameshasaini. Ilibaki nafasi yangu.

"Mama anasemaje?" nikauliza.

"Mama ataambiwa," kaka akajibu. "Taratibu tu. Si unamjua?"

Namjua, ndiyo. Na huku kwetu mjane haulizwi, anaambiwa. Nyumba ni ya marehemu, marehemu ana ndugu na watoto, na mama ni mama, atakaa popote penye mtoto wake. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama kwenye mikutano ya akina mama pale chamani nikisema mila hiyo imepitwa na wakati. Napigiwa makofi. Siku ile nilichukua kalamu ya kaka, nikaweka karatasi juu ya robota la tumbaku, nikasaini nikiwa nimesimama. Kalamu ilikataa kuandika mara ya kwanza, nikaipigapiga kwenye kiganja, nikasaini tena.

Nikisema nilikuwa na haraka, ni kweli, lakini si kweli yote. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Kila mtu Songea alikuwa anauza kitu au ananunua kitu. Chama chetu kilikuwa hoi, wanunuzi binafsi wanaingia Namtumbo na magari yao kuchukua tumbaku mabanini inakokaushwa kabla sisi hatujafika. Nyumba ya baba ilikuwa kando ya barabara, na wafanyabiashara walikuwa wanatafuta mahali kama pale wavunje wajenge fremu za maduka. Mimi nami nilikuwa na kiwanja Mshangano, nimeinua kuta mpaka kwenye linta, pesa zikaisha, nyasi zinaota sebuleni. Kaka alijua. Alisema, "Fungu lako litakuezekea." Basi. Nilisaini kwa ajili ya bati.

Kutoka ghalani hadi kwa mama ni nusu saa kwa miguu. Kwenda kumuaga nilikwenda, siku moja kabla ya safari. Nikala ugali wake na mlenda, nikacheka naye, akanifunga kitenge kiunoni akisema Uchina kuna baridi. Sikumwambia neno. Nilijiambia hiyo ni kazi ya kaka.

Kozi yenyewe ilikuwa ya miezi miwili, mkoa wa Yunnan, kwa ajili ya tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto bila kuguswa na moshi. Sisi wa Ruvuma tulikuwa watu wa tumbaku ya moshi, ile inayokaushwa kwa kuni mpaka inanuka kama jiko la bibi, lakini wakubwa walitaka tujifunze na ile nyingine. Tulikwenda watano kutoka Tanzania nzima. Kutoka kwetu tulikuwa mimi na mwenzangu mmoja wa Namtumbo, bwana mmoja Mwislamu, mcheshi, ambaye kila chakula kikiletwa alikuwa ananiuliza mimi Mkristo nionje kwanza nimwambie kama ni nguruwe.

Mkalimani wetu alikuwa Mchina mtu mzima mwenye miwani. Ujanani mwake alikuwa amefanya kazi kwetu wakati wa kujenga reli ya kwenda Zambia. Kiswahili chake, jamani, kilikuwa safi kuliko changu. Sisi tunasema "nimekula ugali," yeye anasema "nimekwisha kula sima." Mwenzangu wa Namtumbo alikuwa anamwita Radio Tanzania. Alikuwa mtu mwema, na anakumbuka Makambako kuliko tunavyoikumbuka sisi tunaopita pale kila mwaka tukisinzia.

Jumapili moja, tumebakiza wiki tatu, wenyeji wakasema leo hakuna darasa, tunawapeleka mkaone nyumba ya kale. Mimi sikutaka. Nilitaka kufua. Nyumba ya kale ni nini bwana, si kuta tu? Kwetu ukisema nyumba ya kale mtu anakuuliza lini mtaivunja. Lakini mgeni hakatai, nikavaa koti langu la mtumba nikaenda.

Kwa nje palikuwa ukuta mrefu mweupe, hauna dirisha hata moja. Nikamwambia mwenzangu, hii ni jela. Lango lilikuwa pembeni, si katikati, limejengewa kipaa chake chenye vigae, ncha za kipaa zimepindwa kwenda juu. Kizingiti chake cha mbao kilinifika karibu na goti. Mkalimani akasema msikikanyage, vukeni, na mimi mwenye sketi ya kubana nikavuka kwa shida huku mwenzangu anacheka. Ukishavuka huoni kitu. Mbele yako kuna ukuta mwingine mfupi uliochorwa milima na miti, umesimama kama mtu aliyetumwa akuulize unamtaka nani. Inabidi uuzunguke. Ndipo nyumba inapojionyesha.

Katikati palikuwa na ua, umetandikwa mawe, wazi juu, na mbingu unaiona imekatwa mraba. Pande tatu kuna vyumba vya ghorofa moja juu, vyote vya mbao, na vyote vinatazama uani. Nguzo zimesimama juu ya mawe ya duara ili zisioze. Milango imechongwa ndege na maua mpaka unajiuliza fundi alikuwa anakula saa ngapi. Mvua ikinyesha, maji ya mapaa yote yanamwagikia uani, na mkalimani akatueleza kwamba wanaona ni heri maji yaingie ndani kuliko kumwagika nje. Nyuma ya ua huo kulikuwa na ua mwingine, wa jiko na kisima. Upande mmoja walikaa wazazi, upande huu mtoto wa kwanza na mkewe, upande ule mtoto wa pili. Vizazi vitatu, minne, mlango mmoja wa kutokea. Nilisimama pale katikati, na mdomo wangu wote, sikuwa na la kusema.

Niliikumbuka nyumba ya baba. Si kwamba zinafanana, zitafanana wapi! Ya baba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne na jiko la nje. Lakini baba aliichoma ile tanuri mwenyewe, na mama alikuwa anabeba maji ya kufinyangia udongo akiwa na mimba yangu. Hadithi hiyo nimeisikia mpaka nikaichoka. Pale uani ilinijia kama nimesimuliwa jana.

Sasa, mkabala na lango, upande wa juu wa ua, kulikuwa na ukumbi ulio wazi mbele. Ndani yake meza ndefu nyeusi, na juu ya meza vibao vyembamba vya mbao vimesimamishwa, vina maandishi. Mbele ya meza, pembeni kidogo, alikaa bibi mmoja kwenye kigoda. Mdogo wa mwili, mvi tupu, suruali nyeusi, ufagio uko miguuni.

Nyie, mimi nimelelewa Songea. Ukiingia kwenye nyumba ya watu ukamkuta bibi kizee amekaa, hupiti kama mbuzi. Sikufikiri. Nikavuka kizingiti cha ukumbi, nikapiga goti juu ya mawe, nikainamisha kichwa, nikapiga makofi taratibu kama nilivyofundishwa na mama, nikasema, "Shikamoo, bibi."

Wageni wengine waliokuwa wanapiga picha wakashusha kamera. Nikainua macho nikamwona bibi amesimama, mkono mdomoni, machozi yanamtoka. Nikamwona na mlinzi wa pale amekunja uso. Mkalimani akaniinamia sikioni.

"Dada," akasema, "vile vibao nyuma yake ni majina ya wazee wa ukoo waliokwisha kufariki. Wote hapa wanadhani umewapigia goti wao."

"Yesu na Maria! Nimeabudu?"

"Hukuabudu. Umewaheshimu."

"Leo umebatizwa upya," mwenzangu wa Namtumbo akanong'ona, na ningekuwa nimesimama ningempiga kofi.

Bibi akaanza kusema haraka haraka, amenishika mkono wa koti. Mkalimani akatafsiri. Anasema hakuna mgeni aliyewahi kupiga goti ndani ya ukumbi huu. Watu wanakuja na kamera, wanasimama wanawapa wazee mgongo wakipigwa picha. Anauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikajibu mimi ni mtoto wa watu wa Songea, na jibu hilo mkalimani alilitafsiri kwa muda mrefu sana, sijui aliongeza nini. Nilitaka kumwambia amweleze kweli, kwamba nilikuwa namsalimia yeye. Nikaona aibu kumharibia. Ukweli sikuusema, akanivuta kama mjukuu wake kwenda ua wa nyuma, sisi wawili na mkalimani, wenzangu wakabaki na kamera zao.

Kwenye ua wa jiko alikuwa na chumba kidogo, nilidhani analala pale. Hapana. Ndani kulikuwa na ufagio mwingine, birika, na vigoda viwili. Alituwekea maji ya moto kwenye vikombe, hayana majani wala sukari, tukanywa. Akasimulia. Aliletwa kwenye nyumba hii akiwa bibi harusi wa miaka kumi na saba, akipitishwa lango lile lile. Baadaye serikali ikaigawa nyumba, familia nyingi zikaingizwa, ukoo wake ukabakiwa na vyumba viwili. Walipikia uani, wakagombana, wakazoeana. Na sasa, miaka hii, mji umeamua nyumba iwe ya kuonyeshwa watu. Wote wametolewa wakapewa vyumba kwenye maghorofa. Mwanawe ndiye aliyetia saini kwa niaba ya familia. Yeye bibi hukaa ghorofa ya nne, na kila asubuhi anakuja kufagia.

Damu ikanipanda. Nilikasirika, wallahi, kama mwenzangu anavyosema. Nikasimama na kikombe mkononi. "Mwulize," nikamwambia mkalimani, "huyo mwanawe alipata wapi haki ya kumtoa mama yake kwenye nyumba yake? Mtoto gani huyo?"

Nilisema hivyo mimi. Mimi! Mkalimani alinitazama, akatafsiri. Bibi akacheka, meno mawili tu mbele, akatikisa kichwa na mkono pamoja.

"Anasema hakumtoa," mkalimani akasema. "Anasema alimwuliza."

"Alimwuliza nini?"

"Kama atakubali. Mara ya kwanza alikuja akakaa hapo ulipokaa, akamwuliza, mama akakataa, akaenda zake. Mara ya pili alikuja wakati wa mwaka mpya, akapiga goti ukumbini mbele ya vibao vya baba yake na babu zake, akauliza tena. Mama akakataa. Watu wa mji wakamsumbua, akawaambia mama hajakubali, sitii saini. Mara ya tatu alikuja akambeba mama mgongoni, ngazi zote, hadi ghorofa ya nne, aione kwanza. Wakakaa huko siku nzima. Jioni mama akasema haya."

Nikakaa chini. Sikuwa na hasira tena, nilikuwa na kitu kibaya kuliko hasira. Niliuliza tu ili niulize, "Sasa kama alikubali, mbona anakuja kufagia?"

Bibi akajibu kwamba wale wanaolipwa kufagia hawafagii chini ya ngazi. Halafu akanigeukia na swali lake. Mama yako yupo hai? Nikasema yupo. Akauliza, anakaa wapi?

Anakaa wapi. Swali la mtoto wa chekechea. Nilimtazama mkalimani, nikatazama maji kwenye kikombe. Siku hiyo nilikuwa na wiki tano tangu nitoke Songea na sikujua mama yangu anakaa wapi. Nikajibu, "Nyumbani." Mkalimani akatafsiri, bibi akaridhika, na mimi sijui kama nilisema uongo au nilisema kweli.

Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nikamfuata mkalimani kabla ya chai. Nikamwambia, baba, nisaidie, nataka kupiga simu Songea. Akaniangalia kama nimesema mwezini. Lakini alinipeleka posta, akazungumza na mabinti wa pale, tukajaza fomu, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa tisa. Mara mbili waliita wakisema imeingia, nakimbilia kile kibanda, nasikia mvumo mtupu. Mara ya tatu ikaingia kweli. Nilikuwa nimetoa namba ya ofisi ya chama, maana kwa kaka hakukuwa na simu, na aliyepokea ni dada wa mapokezi ninayemfahamu vizuri.

"Niko Uchina!" nikapiga kelele.

"Uko wapi?"

"Uchina! Sikiliza! Mwambie kaka yangu wasimhamishe mama mpaka nirudi! Mwambie nimefuta saini!"

"Umefuta nini?"

"Saini! Saini yangu!"

Akacheka, nilimsikia vizuri kabisa akicheka umbali wote ule. "Saini haifutiki kwa simu, dada," akasema. Akaahidi kwamba ujumbe ataupeleka leo leo, na mimi nikasikia anaandika, au nilijidanganya nasikia. Simu ikakatika.

Wiki tatu zilizobaki nilifundishwa mambo ya mabani ya matofali na vipimajoto na sikumbuki hata moja. Mwenzangu wa Namtumbo aliacha kunitania, akaanza kuniletea machungwa. Alidhani naumwa. Nilikuwa najipa moyo mchana, jioni moyo unashuka. Najiambia kaka si mtu mbaya, atasubiri. Halafu najiambia, wewe hukusubiri dakika kumi, yeye asubiri wiki tatu kwa nini? Nilijipangia maneno ya kumwambia mama. Niliyarudia kwenye ndege, nikayarudia kwenye basi kutoka Makambako, njia nzima ya Njombe mpaka Songea, midomo inacheza, jirani yangu akadhani nasali rozari.

Sikwenda kwangu. Nilishuka na mizigo nikachukua teksi moja kwa moja hadi Lizaboni. Nyumba haikuwepo. Sisemi imevunjwa, nasema haikuwepo. Kulikuwa na msingi mpya mpana, nondo zimesimama, vijana wanachanganya zege. Matofali ya baba yalikuwa yamepangwa pembeni, yale mazima, yanasubiri mteja. Nililia pale pale barabarani, mtu mzima, na watu wananipa pole wakidhani nimefiwa.

Kaka nilimkuta Bombambili, kibarazani kwake. Nilimvamia kwa maneno kabla sijakaa. Aliniacha nimalize. Kaka yangu ni mtu wa polepole, na siku ile upole wake ulinitesa kuliko angenitukana.

"Ujumbe wako ulifika," akasema. "Siku ile ile. Na mteja alikuwa bado hajakabidhiwa. Mama alikuwa amekataa kutoka. Sisi tulishamwambia mara mbili, baba mdogo naye alishamwambia, hataki. Alisema mnisubirie binti yangu, yule hawezi kukubali upuuzi huu. Sasa uliposema tusubiri, nikaenda kumwambia. Nikamwambia, binti yako amepiga simu kutoka Uchina, anasema usihame mpaka arudi. Nilidhani atafurahi."

"Halafu?"

"Akauliza, kwani anajuaje habari za kuhama? Nikasema anajua, alisaini. Akasema nionyeshe. Nikamwonyesha karatasi. Akauliza ipi ni yake, nikamwekea kidole. Akaitazama, kusoma hajui, akaitazama tu. Akauliza, alisaini hii kabla ya kupiga simu au baada? Nikasema kabla. Alikuwa wapi? Nikasema ghalani. Akasema, ghalani hapa? Nikasema ndiyo, hapa hapa. Basi akanirudishia karatasi. Kesho yake asubuhi akasema niitieni mkokoteni."

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye, lakini wangu alikuwa ameshazaliwa akakua akanitangulia kufika Bombambili.

Mama alikuwa chumba cha uani. Chumba kizuri, sikatai, sakafu ya simenti, bomba la maji hatua tatu kutoka mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, anapukuchua mahindi. Nikapiga goti mlangoni, nikapiga makofi, shikamoo mama. Akaitika marahaba, sauti yake ile ile. Akauliza habari za safari, habari za baridi, kama nilikula. Hakuniuliza kitu kingine. Nilikaa naye kwenye mkeka nikachukua hindi na mimi. Yale maneno yote niliyoyapanga tangu Yunnan yalikuwa hayapo. Niliyatafuta, hayapo.

Badala yake nikaanza kumsimulia ile nyumba. Mama anapenda habari. Nikamweleza ukuta usio na dirisha, kizingiti cha kuvuka, ua wa wazi, maji ya mvua kuingia ndani. Aliuliza moshi wa jiko unatokea wapi. Aliuliza wakwe wakigombana wanakimbilia wapi, kama mlango ni mmoja. Alicheka niliposimulia nilivyopigia goti majina ya marehemu wa Kichina. Alicheka kweli, mpaka akaweka hindi chini, na mimi nikaanza kupata nafuu, nikasema Mungu wangu, kumbe atanisamehe. Nikaendelea. Nikamweleza bibi na ufagio wake, nyumba ilivyochukuliwa, ghorofa ya nne. Nilisimulia kama mtu anayeteremka mlima kwa baiskeli isiyo na breki.

"Na nani aliyesaini?" mama akauliza.

"Mwanawe."

Mama akaokota hindi lake. Akazungusha kidole gumba, punje zikadondoka kwenye ungo.

"Alimwuliza kwanza?"

Nilikuwa na njia ya kusema sijui. Hakuna mtu Songea nzima angejua. Mwenzangu wa Namtumbo mwenyewe hakuwepo kwenye kile chumba. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa namna ile.

"Alimwuliza, mama."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Mama alipukuchua hindi lote mpaka likabaki gunzi jeupe, akalitupa kwenye lundo, akachukua jingine. Alizungumza bila hasira, kama mtu anayetoa habari za jirani.

"Basi mwenzangu yule ana mtoto," akasema. "Nisogezee ungo."